Mgeni akiugua usiku Moshi, daktari anapatikana wapi?

Tarehe 27 Desemba mwaka juzi, saa tano usiku, Uru, mlimani Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Mvua imenyesha, umeme umekatika, na sebuleni kuna magodoro manne sakafuni kwa sababu ndugu wote wamepanda kuja kula Krismasi nyumbani, kama ilivyo desturi yetu Wachaga. Mtoto wa dada yangu, umri wake miaka sita, mzaliwa wa Leicester, Uingereza, anachemka homa. Mama yake ameshika simu, ananiuliza: "Kaka, namba ya daktari wa usiku huku ni ipi?"

Nimezaliwa kwenye mlima huu huu, na nilibaki nimeshika tochi bila jibu. Namba ya aina hiyo sijawahi kuwa nayo, wala simjui mwenye nayo. Baadaye nilikuja kuona kwamba swali lake lilikuwa na maana kamili huko alikotoka, ila lilipovuka bahari likakosa pa kukaa.

Kwao Leicester kila mtu amejiandikisha kwa daktari wa familia. Zahanati ya daktari huyo hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ikishafungwa, unapiga 111, unaulizwa maswali, unaelekezwa: subiri kesho, nenda kituo fulani, au daktari atakupigia. Hata mgeni ana nafasi yake. Ukiwa katika mji usio wako kwa zaidi ya saa 24 lakini hujafikisha miezi mitatu, unaweza kuandikishwa kwa daktari wa pale kama mkazi wa muda. Kwa hiyo daktari wa usiku kwao ni huduma inayoanza pale nyingine inapokoma, na ina namba yake.

Kwetu hakuna daktari wa familia wa kufunga mlango jioni, kwa sababu hakuna aliyeandikishwa kwake. Mgonjwa wa Moshi hana daktari wake, ana hospitali anayoiamini. Na hospitali hailali. Kinachofungwa saa tisa na nusu alasiri, saa za serikali zinapoisha, ni kliniki za wagonjwa wa nje, kliniki za mabingwa, ofisi ya bima, mara nyingine na baadhi ya vipimo vya maabara. Vinavyobaki wazi ni wodi na mlango wa dharura. Ndiyo maana mwenyeji usiku hamtafuti daktari. Anaujua mlango, anaufuata. Mgeni ndiye anayehangaika, maana huo mlango hakuna mahali ulipoandikwa.

Ukiingia humo ndani, kuna jambo moja linalowagonganisha watu na wahudumu kila usiku. Daktari wa zamu ni yule aliyepo jengoni, macho wazi, anazunguka wodi na mapokezi. Daktari wa kuitwa yuko nyumbani kwake na simu yake iko hewani. Bingwa wa mifupa, wa watoto, wa upasuaji, mara nyingi usiku ni wa kuitwa. Yule wa zamu atakutazama kwanza, atakutuliza, kisha ataamua kama hali inatosha kumwamsha mkubwa wake. Nimeona wageni wakidai "daktari bingwa sasa hivi" na kuona wamedharauliwa wanapoambiwa wasubiri mgonjwa aonwe kwanza na kijana. Kijana huyo huenda ni daktari aliye katika mwaka wake wa mafunzo kazini, na usiku ndiye anayebeba hospitali nzima mabegani. Mwambie habari yote, usimfiche kitu kwa kumngojea mkubwa.

Neno "daktari" lenyewe tumelinyoosha mno. Kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari, kwa heshima. Ukienda zahanati ya kijiji, unayemkuta kwa kawaida ni tabibu, ambaye amesomea stashahada ya utabibu, pamoja na nesi na mkunga. Si wa kubezwa hao. Kipimo cha haraka cha malaria anacho, dawa mseto anazo, kidonda anakisafisha na kukifunga, na akiona jambo limemzidi anaandika rufaa. Tofauti ni kwamba zahanati usiku haina kitu cha kumshikilia mgonjwa anayezidiwa: haina wodi ya kulaza, haina damu, haina oksijeni ya kutosha usiku kucha. Kituo cha afya kinalaza, na vingi siku hizi vinafanya upasuaji wa uzazi. Juu yake kuna hospitali ya wilaya, na juu zaidi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Kilimanjaro ni Mawenzi, pale mjini, iliyopewa jina la kilele kidogo cha mlima. Halafu inakuja KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya kaskazini. Katikati ya ngazi hizo ziko hospitali za makanisa zilizokuwa zikiponya watu kabla wengi wetu hatujazaliwa: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu. Arusha mpangilio ni huo huo: Mount Meru ndiyo ya mkoa, na ALMC ya Walutheri iko katikati ya jiji.

Mgeni akisikia orodha hiyo anataka kuruka moja kwa moja hadi juu. Simlaumu. Lakini ngazi hizi hazikuwekwa kwa urembo. Mtu aliyeko Kilema anayetokwa na damu akipitishwa mbele ya hospitali ya Kilema ili afikishwe KCMC, amepoteza muda ambao dripu moja na mtu wa kubana kidonda vingemsaidia. Anayepumua kwa shida, anayetoka damu, mama wa uzazi aliyechelewa, mtoto mwenye degedege: hao wanapelekwa kwenye mlango wa karibu wenye wodi, wakitulia ndipo wapandishwe ngazi kwa gari la wagonjwa na barua ya rufaa. Mwenye maumivu ya kifua, au aliyepooza upande mmoja ghafla, huyo ndiye nisingemsimamisha njiani ikiwa barabara ni ya lami na gari lipo, kwa sababu vifaa vya kumfaa viko kwenye ngazi za juu.

Na barua ya rufaa yenyewe? Mchana, ukienda hospitali ya kanda bila barua utajieleza, na huenda ukalipa zaidi. Mlango wa dharura hauanzi na barua. Nesi atakuangalia, atapima presha, mapigo, joto na pumzi, kisha atakupanga kwa uzito wa hali yako, hata kama umefika wa mwisho. Hili nalo huwakera wageni: umekaa kwenye benchi tangu saa nne, anakuja mtu wa bodaboda saa sita, anaingizwa mbele yako. Ni vizuri kuwa wewe ndiye unayesubiri.

Huu utaratibu si mkongwe hivyo nchini. Idara kamili ya kwanza ya magonjwa ya dharura Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na hapo hapo wakaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Kabla ya hapo dharura ilikuwa chumba kimoja cha mapokezi na yeyote aliyepangiwa zamu. Sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao serikali ilichukua Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021, uliozua maneno mengi kila kijiwe, ilikwenda kujenga majengo ya dharura katika hospitali za mikoa na wilaya. Kwa hiyo mtu aliyeondoka nyumbani mwaka 2005 akirudi leo na kumbukumbu zake za hospitali, nusu ya anachokumbuka hakipo tena.

Kufika ni shida nyingine. Desemba mlima mzima una magari kuliko wakati wowote wa mwaka, na usiku wa sikukuu hakuna dereva mzima. Nasema bila kumsema mtu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ni mbege. Usiku ule gari saba zilikuwa uani kwetu, na aliyetushusha mjini alikuwa jirani mlokole, mwenye Noah yake ya abiria, ambaye hagusi kilevi. Tangu siku hiyo, kabla ya mkesha wa Krismasi huwa nauliza wazi nani atalala bila kunywa, na namba yake naiweka juu kabisa ya orodha. Mama mjamzito au aliyejifungua, pamoja na kichanga, ana njia yake: namba 115, ya bure, ya mpango wa m-mama, ambao hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyekubali kulipwa kwa kazi hiyo. Wizara ya Afya ina 199, ya maswali na maelekezo. Polisi ni 112, zimamoto 114. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya kazi ya ile 111 ya Leicester, na ukilijua hilo mapema huwezi kukaa na simu sikioni nusu saa ukisubiri daktari akupigie.

Sasa homa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ndugu zetu wa ng'ambo wanapojidanganya zaidi. Dada yangu alikuja na watoto bila dawa za kinga ya malaria. "Mimi ni wa hapa bwana," alisema. Kinga ambayo mtu aliyekulia kwenye malaria anaijenga kwa kuumwa na kuumwa tena hupungua akikaa miaka mbali nayo, na watoto waliozaliwa Ulaya hawakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Kule Uingereza wanaorudi na malaria kila mwaka, wengi wao si watalii, ni watu waliokwenda kwao kusalimia ndugu. Na Moshi inawachanganya watu, kwa sababu huku juu, kwenye baridi ya migomba, mbu wa malaria ni wachache, wakati ukishuka Kahe au mashamba ya miwa ya TPC hali ni nyingine. Isitoshe, mgeni hakushuka mbinguni akatua Uru. Dada na watoto walitua Dar es Salaam tarehe 10, wakaenda Pangani kwa wakwe, wakakaa wiki nzima pwani, ndipo wakapanda huku. Malaria hujitokeza kuanzia kama siku ya saba baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi wiki ya pili. Hesabu ilikuwa imetimia vizuri kabisa.

Kwa hiyo homa ya mgeni aliyepita pwani si ya kusubiri kesho kwa kumpa panadol na kumfunika blanketi. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu ya kidoleni na dakika 15 hadi 20, na kipo hadi zahanati. Kinachoamua kama unaanzia zahanati au unakwenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye wodi ni zile dalili za hatari: mtoto ana degedege, anatapika kila anachopewa, hawezi kunywa, amelegea au haamki vizuri. Akiwa na mojawapo anahitaji sindano ya artesunate na kulazwa, na dakika zinahesabika.

Lipo pia duka. Usiku watu hukimbilia duka la dawa muhimu, lile la DLDM, kwa sababu liko karibu na mwenyewe analala nyuma yake. Lina dawa zake za halali na ni msaada mkubwa kwa kichwa, kuhara na mafua. Lakini muuzaji anayekuwekea dripu kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka amevuka mpaka wake, hata kama anajulikana mtaa mzima. Mgeni mwenye presha au kisukari aliyesahau dawa zake uwanja wa ndege asitarajie kuzipata dukani humo saa nane usiku. Zake ziko famasi, na famasi nyingi zimefungwa. Ajue jina halisi la dawa yake na miligramu zake, maana jina la kampuni lililoandikwa kwenye boksi la Ulaya huenda mtu wa hapa hajawahi kuliona.

Tukija kwenye fedha, mgeni hukutana na dunia mbili. Hospitali ya serikali hukutolea namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, risiti inatoka. Utaratibu mzuri, mpaka mtandao uanguke. Usiku ule, mahali ambapo sitapataja, namba haikutoka kwa dakika 40. Mtoto alikuwa ameshaonwa na damu imeshachukuliwa, hilo nalisema kwa haki, lakini dawa zilikaa upande wa pili wa dirisha zikisubiri kompyuta. Hospitali binafsi na za mashirika mara nyingi huomba amana kabla ya kulaza. Mgeni wa kigeni anaweza kutozwa viwango vyake tofauti na vya raia, na ni halali kuuliza bei kabla ya kipimo kufanywa.

Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inasafiri vizuri: mwanafunzi wa chuo cha Ushirika au cha Mweka hapa Moshi aliyetoka Mbeya, mtumishi aliyekuja likizo kutoka Dodoma, wote kadi zao hutumika katika kituo chochote kilichosajiliwa na Mfuko. Tatizo la usiku ni kwamba kadi iko bwenini, au iko Dar kwenye mkoba mwingine. Bima za nje ni habari ndefu. Karibu zote zina namba ya saa 24, na zinataka zipigiwe kabla ya kulazwa, si baada. Hospitali inaweza kusubiri barua ya dhamana ya malipo itoke kwa kampuni iliyoko ng'ambo. Isipokuja, mgonjwa analipa mwenyewe na kudai akirudi kwao. Hapo atahitaji risiti na ripoti ya daktari yenye muhuri, vitu ambavyo ni rahisi kuviomba kabla ya kutoka kitandani kuliko kuvifuata kwa barua pepe kutoka Manchester. Na mtalii aliyeanzia Zanzibar asijichanganye: ile bima ya dola 44 inayotozwa wageni wa nje tangu Oktoba 2024 ni ya visiwani. Akivunjika mguu Marangu, karatasi ile haimfai kitu.

Aliyegongwa au kupigwa ataambiwa habari za PF3, fomu ya polisi. Isitumike kumzuia mtu kutibiwa. Dharura hutibiwa kwanza, fomu ikafuata, ila ifuatwe kweli, kwa sababu bima na mahakama zitaiulizia miezi sita baadaye.

Kuna wakazi wa muda ambao hawafikiriwi kabisa mtu anaposema "mgeni": wagumu, yaani wapagazi wa mlima. Wengi si wa Moshi, wametoka Tanga, Singida, Arusha, wamepanga chumba Majengo au Pasua kwa msimu. Na mlima una saa zake za ugonjwa. Safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane kutoka kambi za Barafu na Kibo, zilizo juu ya mita 4,600, ili watu wafike Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Maana yake ni kwamba anayezidiwa na mwinuko anazidiwa saa tisa au kumi za usiku, gizani, mahali ambapo helikopta hairuki. Kichwa kinachogonga ni kawaida huko. Anayepepesuka kama mlevi, anayechanganyikiwa, au anayekohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa tu, huyo dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, kwa miguu ya wenzake au kwa machela ya tairi moja ambayo wagumu huikimbiza kwenye mawe kwa ustadi wa kutisha. Ile ada ya uokoaji ya dola 20 anayolipa mpandaji getini ni ya kikosi cha hifadhi na machela. Helikopta ni bima yake mwenyewe, na bima nyingi za safari zinakomea mita fulani. Maandishi yake ni madogo lakini yapo. Mgumu naye akiugua kazini yuko chini ya mwajiri wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa ajili ya watu kama yeye, mradi jina lake liwe limeandikwa mahali kabla ya kubeba mzigo.

Wageni wa kizungu wanaojitolea mashuleni huniuliza kuhusu lugha. Daktari si tatizo, chuo chake chote alisoma kwa Kiingereza. Kiswahili kinahitajika kwa mlinzi getini, kwenye dirisha la kadi, maabara, na kwa yule mama wa usafi ambaye ndiye pekee anayejua daktari wa zamu ameelekea wodi gani. Aende na mwenyeji. Hata mwenyeji asiyejua lolote la tiba ana kazi: kushika risiti, kukumbuka majina ya dawa, kwenda kununua maji.

Mpwa wangu kipimo kilisoma malaria. Hakuwa na dalili za hatari, alikunywa maji na hakutapika, kwa hivyo hakulazwa. Uzito kilo 20, vidonge viwili vya dawa mseto kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu, na ya pili saa nane baada ya ya kwanza. Ya kwanza alimeza saa nane usiku, pale pale mapokezi, jirani mlokole akisinzia kwenye benchi. Dada yangu akauliza kama anaweza kupewa na maziwa. Nesi akamwambia maziwa ndiyo hasa, dawa hii inapenda mafuta. Saa nne asubuhi bibi alikuwa ameshakamua, kikombe kiko mezani kimefunikwa na sahani, na mama wa watu ameketi kando ya kitanda anaitazama saa.